Utangulizi: Mvua, Shingo na Kopo la Chumvi

Huenda unadhani elimu ya tezi ya shingo huanzia hospitalini. Mimi napenda kuianzia jikoni, huku Chebunyo, upande wa Chepalungu katika Kaunti ya Bomet, ambako chumvi hukaa kwenye kopo lisilo na kifuniko, hatua mbili kutoka mekoni. Mvuke wa sufuria unaifikia, joto linaifikia, na kijiko chenye maji huchovywa humo asubuhi, mchana na jioni. Sehemu kubwa ya fani hii imo ndani ya kopo hilo.

Chebunyo ni nchi ya ng'ombe na mahindi. Mashamba ya chai utayakuta ukipanda kuelekea Konoin na Kericho. Lakini mvua haibagui. Iodini, madini ambayo tezi huyahitaji, nyingi yake duniani iko baharini, na udongo wa nyanda za juu umeoshwa na mvua kwa maelfu ya miaka hata ukabaki haba wa madini hayo. Mvua ile ile inayochipuza majani ya chai ndiyo iliyochukua madini hayo. Majani ya malisho yakikosa, ng'ombe hukosa, na maziwa ya mursik ndani ya kibuyu cha sotet hayawezi kutoa yasichopewa. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wangu wasimlaumu mama kwa shingo iliyovimba ya mwanawe. Kimyet (ugali) aliyoisonga na mboga za isagek alizochuma ni chakula chema kabisa. Upungufu uko ardhini.

Tena iodini inayohitajika ni kidogo mno: mtu mzima mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Jumlisha za mtu mzima kwa miaka 70, hazifiki gramu 4. Tezi huzitumia kuunda thairoksini, homoni inayobeba atomu 4 za iodini. Iodini ikipungua, ubongo huihimiza tezi ifanye kazi zaidi, nayo huvimba. Hilo ndilo rovu. Kipimo cha zamani bado nakipenda kuliko mashine: mpimaji huketi mbele ya mtoto, humpapasa shingo taratibu, kisha hulinganisha kila upande wa tezi na pingili ya mwisho ya kidole gumba cha mtoto huyo huyo. Kila mtoto huja na rula yake.

Hata hivyo, usiridhike na shingo inayoonekana. Hasara kubwa hutokea gizani, tumboni, katika miezi mitatu ya kwanza, wakati tezi ya mtoto haijaanza kazi na ubongo wake unategemea homoni ya mama. Mara nyingi mama mwenyewe hajajua kuwa ni mjamzito. Kliniki haiwezi kuwahi hapo. Chumvi ya mezani inaweza.

Kenya ililazimisha utiaji iodini katika chumvi mwaka 1978. Chumvi yetu nyingi huvunwa pwani ya Kilifi, Gongoni na Marereni, kwa kuanika maji ya bahari, na wengi hudhani kutoka baharini kunatosha. La. Chumvi ya bahari ikikauka hubaki na iodini kidogo sana, hivyo kiwandani huongezwa iodeti ya potasiamu, inayostahimili joto na unyevu kuliko iodidi. Wapemba wamezungukwa na bahari, na bado watafiti walikuta upungufu kwao, kwa kuwa chumvi iliyovunwa kisiwani haikutiwa madini joto, kama Watanzania wanavyoyaita. Wala si chumvi pekee: katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, muhogo nao ulionekana kuongeza rovu. Na katika eneo hilo hilo la Kivu, miaka ya 1990, chumvi yenye iodini ilipoingia, baadhi ya watu wenye rovu la siku nyingi walipatwa na tezi inayofanya kazi kupita kiasi. Basi kipimo ni cha lazima pande zote mbili.

Utakapoanza kazi ya kuzuru nyumba za watu, beba kichupa cha dawa ya kupimia iodini. Omba ruhusa. Dondosha tone moja juu ya chumvi ya pakiti mpya. Ikiwa ina iodini, itageuka bluu. Kisha dondosha jingine juu ya ile ya kopo la karibu na meko. Kabla hujaeleza lolote, mama mwenye nyumba atakuwa amekwisha kuinama kuitazama.