Ugali, Machozi, Sukari: Sasa Iwe Zamu ya Mashoto

Saa moja jioni Kimara Mwisho, abiria wanamiminika kutoka kwenye mwendokasi na mabanda ya mama ntilie yamejaa. Jagi la kunawia linazunguka, sahani za ugali na dagaa zinatua mezani, na spika ya duka la jirani inapiga Bongo Fleva bila kupumzika. Mtoto akinyoosha mkono wa kushoto kukata tonge, atasikia wakubwa wawili watatu wakimkemea kwa pamoja: "Mkono huo!" Wengine huongeza kofi.

Katazo hilo lina sababu zake. Mkono wa kushoto ni wa chooni. Wa kulia ni wa sahani, wa salamu na wa kupokelea kitu kwa mkubwa. Uislamu unafundisha kula kwa kulia, na nyumba nyingi za Kikristo hapa Pwani zimeshika adabu hiyo hiyo. Makala haya hayaji kuivunja. Yanakuja kumtetea mtoto huyo kesho yake asubuhi darasani, anaposhika penseli kwa mkono ule ule na kukuta kofi jingine linamsubiri.

Wataalamu wanakadiria kwamba mtu mmoja kati ya kumi ni mashoto. Darasa la wanafunzi 60 basi huweza kuwa na watoto kama sita wa aina hiyo. Si ukaidi, kwani mwelekeo wa mkono huanza kujitokeza mtoto akiwa bado tumboni mwa mama yake. Wanaowalazimisha husema samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo inahusu tabia. Haya ni maumbile.

Tabu zao hutokana na vitu vidogo. Chukua dawati la watoto watatu. Mashoto akikalishwa katikati au upande wa kulia, kiwiko chake kinagongana na cha jirani anayeandika kwa kulia, herufi zinapinda, ugomvi unazuka, na anayeadhibiwa ni yeye. Mhamishie mwisho wa kushoto, na ugomvi umekwisha. Kisha kuna wino. Kwa kuwa tunaandika kuelekea kulia, kiganja chake kinapita juu ya maneno yasiyokauka na daftari linachafuka. Mkasi nao ukishikwa kwa kushoto, makali yake huachana badala ya kubanana, na karatasi inakunjika bila kukatika. Mwalimu asiyelijua hilo ataona uzembe.

Mwaka 2025, tamasha la Cannes nchini Ufaransa lilionyesha kwa mara ya kwanza filamu ya Kitaiwani iitwayo Left-Handed Girl, yaani binti mashoto, ya mwongozaji Shih-Ching Tsou. Binti mdogo anayekulia kwenye soko la usiku jijini Taipei anaambiwa na babu yake kwamba mkono wake wa kushoto ni wa shetani. Mzazi wa Kimara hahitaji mkalimani kuielewa nyumba hiyo. Neno la kumkemea mtoto limepandishwa hadi kwenye bango la filamu, na dunia imekaa kulitafakari.

Sisi wenyewe tunaijua vizuri kazi hiyo ya kugeuza neno la kila siku kuwa jina la wimbo, albamu au filamu. Mwaka 2001 Professor Jay alitoa albamu ya Machozi, Jasho na Damu. Mwaka huo huo Lady Jaydee akaiita yake Machozi, na baadaye bendi yake ikabeba jina hilo. Juma Nature wa Temeke aliita albamu yake ya 2003 Ugali. Darassa akaja na wimbo wa Muziki mwaka 2016, Zuchu na Sukari mwaka 2021. Kwenye filamu, Amil Shivji aliibeba riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, hadi tamasha la Toronto mwaka 2021, na Wanuri Kahiu wa Kenya alikwishaifikisha Rafiki huko Cannes mwaka 2018. Hata wageni walichota maneno yetu: Hollywood ilikuja Tanganyika kupiga picha za Hatari!, iliyotoka mwaka 1962 ikiwa na John Wayne, na mpiga piano Herbie Hancock wa Marekani aliita albamu yake ya 1971 Mwandishi.

Jina la namna hii halihitaji kutangazwa, kwa sababu konda na muuza genge wanalitamka tangu alfajiri. Lakini likishakuwa wimbo, halirudi mtaani kama lilivyotoka. Tangu Professor Jay aimbe Ndiyo Mzee, wimbo wa mwanasiasa na ahadi zake, mtu akiitikia hivyo kwenye mkutano wa kampeni, wenzake wanatabasamu. Neno la heshima limeongezewa swali.

Mashoto ni neno linalostahili kuongezewa swali. Jumamosi tulikuwa tunasimama vitini kwa ajili ya mguu wa kushoto wa Aziz Ki, mfungaji bora wa ligi yetu msimu wa 2023/24. Mwaka 2003, Aasif Karim wa Mombasa aliwarushia Waaustralia mpira kwa mkono wa kushoto kwenye Kombe la Dunia la kriketi, akawatoa watatu kwa mikimbio saba tu. Barack Obama, mtoto wa Mjaluo wa Kenya, alitia saini sheria za Marekani kwa mkono huo huo. Jimi Hendrix aligeuza gitaa la kulia na kulipiga kwa kushoto. Haiwezekani tushangilie upande huo uwanjani na jukwaani, kisha tuuchape darasani.

Mzazi, mfundishe mwanao kula kwa mkono wa kulia, kwa upole, kisha mwachie kalamu aishike anavyoweza. Mwalimu, mpe mwisho wa kushoto wa dawati. Hakuna bajeti inayohitajika. Nanyi watunzi wa nyimbo na filamu wa Kimara, Temeke na Kinondoni, mliotuimbia ugali na machozi, litungieni kazi neno hili. Siku ya Mashoto Duniani ni 13 Agosti kila mwaka, na watoto sita wa darasa lile wangependa kusikia wanaitwa kwa jina hilo bila kufuatiwa na kofi.