Uzima wa Tela Kuukuu u Chini Yake

Mtu akibahatika kupata karavani kuukuu, yaani tela lililojengewa chumba cha wasafiri, aghalabu huanza na rangi, mapazia na magodoro. Hayo hupendeza macho. Lakini usalama wa jamaa yake uko chini ya sakafu: kwenye ekseli, breki na magurudumu.

Hebu fikiri safari ya kutoka Butimba kwenda Shinyanga. Barabara hupita Nyegezi, Mkolani na Buhongwa, penye watu wengi na watoto watokao shuleni. Tela la tani moja lisilo na breki halisimami gari linapotaka kusimama, bali hulisukuma kwa nyuma. Tena mwendo ukiwa maradufu, nguvu ambayo breki zinapaswa kuimaliza huwa mara nne.

Anza na ekseli. Tela lipimwe kwenye mizani likiwa na mzigo wake wote, maji na vyombo vya jikoni vikiwamo. Kisha pima upana wa kutoka gurudumu hadi gurudumu, na nafasi iliyo kati ya springi. Wako wanaofunga ekseli ya gari bovu. Si vibaya, iwapo haikupinda na inamudu uzito huo. Hatari ni pale dramu za breki zinapoachwa bila kuunganishwa na chochote. Mwenye tela huziona akaridhika, kumbe ni pambo tu.

Karavani nyingi za Ulaya zina breki za kusukumwa: gari likipunguza mwendo, tela hulisogelea, na msukumo huo huvuta nyaya za breki. Nyingi za Marekani hutumia umeme. Sharti fundi ajue lako ni la aina gani kabla ya kununua vipuri. Vumbi la dramu lisipulizwe, kwa kuwa breki za zamani huweza kuwa na asbesto, iletayo saratani ya mapafu. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji, watoto wakiwa mbali.

Usidanganywe na tairi lisilolika. Mpira huzeeka hata tela likiwa limeegeshwa. Tazama tarakimu 4 ubavuni: 0819 maana yake ni juma la 8 la mwaka 2019. Beringi zitiwe grisi mpya. Nati zikazwe kwa kupishana, kisha zikazwe tena baada ya kilomita 50 hivi.

Mwisho, lijaribu tela kwenye uwanja mtupu. Baada ya kilomita chache simama, usogeze mgongo wa mkono karibu na kila gurudumu. Lililo na moto kuliko mwenzake lina beringi iliyobana au breki isiyoachia. Lirudishwe kwa fundi siku hiyo hiyo. Rangi na mapazia vifuate baadaye.