Jakuzi Haipimwi kwa Macho

Februari 1999, katika mji mdogo wa Bovenkarspel, kaskazini mwa Uholanzi, yalifanyika maonyesho ya maua yaliyovuta makumi ya maelfu ya watu. Ndani ya maonyesho hayo mlikuwa na ukumbi wa wauza bidhaa za nyumbani, na humo ziliwekwa jakuzi zilizokuwa zikitoa mapovu ili kuwavutia wanunuzi. Wageni hawakuingia kuoga. Walisimama, wakatazama, wakaenda zao kununua maua. Siku chache baadaye hospitali za eneo hilo zikaanza kupokea watu wenye nimonia kali isiyoeleweka. Karibu watu 200 waliugua na zaidi ya 20 wakafariki, na uchunguzi ukawapeleka wataalamu kwenye maji ya jakuzi ya maonyesho, yaliyokuwa na bakteria wa Legionella. Mwaka 2012 jambo kama hilo likatokea Stoke-on-Trent, Uingereza, safari hii katika duka kubwa ambamo jakuzi ya mfano iliachwa ikifanya kazi huku watu wakipita na mikokoteni ya manunuzi, na wawili wakafariki. Mwaka 2019, katika tamasha la kilimo la Fletcher, jimbo la North Carolina nchini Marekani, waliougua walizidi 130. Mara zote tatu jakuzi ilikuwa pale ili ipendeze machoni. Na muuzaji gani huweka maji ya kijani mbele ya mteja?

Hapo ndipo penye kosa la wengi wetu, wenye nyumba na wageni wa hoteli kwa pamoja. Tunayapima maji kwa jicho na pua. Yakiwa maangavu tunasema ni safi, yakinuka klorini tunasema yametiwa dawa ya kutosha. Yote mawili ni ushahidi mbovu. Maji ya jakuzi yanaweza kung'aa hadi ukahesabu vigae vya chini, na bado yakabeba bakteria wa kumlaza mtu. Ushahidi wa kuanzia unaofaa ni namba mbili zilizopimwa leo, ya pH na ya klorini, na katika hizo mbili ya kwanza kutazamwa ni ile inayosahaulika zaidi, yaani pH, kipimo cha asidi na alkali ya maji.

Tuanze na swali la kwa nini jakuzi iogopwe kuliko bwawa la kuogelea. Bwawa la mashindano la mita 50 hubeba maji kama lita milioni mbili na nusu. Jakuzi ya watu wanne hubeba lita 1,500 hivi, sawa na madumu 75 ya lita 20. Wakiingia watu wanne, kila mmoja amepewa chini ya madumu 19 ya kuoshea jasho, mafuta ya ngozi, losheni, manukato na mengine tusiyopenda kuyataja. Uchafu huo huila klorini. Ongeza joto la nyuzi 37 hadi 40, ambalo huifanya klorini iishe haraka na kumfanya muogaji atoke jasho zaidi, kisha ongeza mapovu, ambayo huyarusha maji hewani kwa matone madogo mno yasiyoonekana. Legionella hamdhuru mtu kwa kugusa ngozi yake. Humdhuru akiyavuta matone hayo hadi mapafuni. Ndiyo maana mnunuzi wa maua aliugua bila kulowa hata kidole.

Historia ya chombo chenyewe nayo inaeleza mengi. Familia ya Jacuzzi, wahamiaji kutoka Italia waliokuwa wakitengeneza pampu huko California, ilitoa mwaka 1956 pampu ya kutumbukizwa kwenye beseni la kawaida la kuogea, baada ya mmoja wao, Candido, kutafuta nafuu kwa mwanawe Kenneth aliyesumbuliwa na ugonjwa wa viungo. Mgonjwa alikanda viungo, akatoka, kizibo kikang'olewa, maji yakaenda zake. Shida ilikuja pale beseni lilipogeuka kuwa tangi lenye hita na chujio, ambalo maji yake hukaa majuma kadhaa yakizungushwa yaleyale. Tuliurithi mkando wa Candido tukaacha kizibo chake.

Sasa tuiangalie klorini inavyofanya kazi, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea bure. Klorini ikitiwa majini haikai kwa sura moja. Sehemu yake huwa asidi ya hipoklorasi, iliyo kali dhidi ya vijidudu, na sehemu nyingine huwa hipokloraiti, iliyo dhaifu mara nyingi zaidi. Kinachogawa sehemu hizo ni pH. Ikiwa pH ni 7.2, kama theluthi mbili ya klorini iko katika sura kali. Kwenye 7.5 ni kama nusu. Kwenye 8 ni kama robo, na kwenye 8.5 ni kama sehemu moja ya kumi tu. Maana yake ni kwamba mhudumu anayemwaga kopo zima la klorini kwenye maji ya pH 8.5 amemwaga askari kumi ambao tisa wamelala. Ndiyo sababu mamlaka ya afya ya Marekani, CDC, huelekeza pH ya jakuzi iwe kati ya 7.0 na 7.8, klorini isipungue miligramu 3 kwa kila lita ya maji, na wanaotumia bromini badala yake wawe kati ya miligramu 4 na 8. Kadhalika huelekeza joto lisizidi nyuzi 40.

Na pH ya jakuzi haitulii. Kila mtu anajua soda ikifunguliwa na kutikiswa hutoa gesi na kupoteza ule ukali wake ulimini. Gesi hiyo, kaboni dayoksaidi, imo pia kwenye maji ya jakuzi, na ndiyo inayoyapa asidi kidogo. Kila unapobonyeza kitufe cha mapovu unaitikisa chupa: gesi inatoka, asidi inapungua, pH inapanda. Kwa hiyo burudani yenyewe ndiyo inayoidhoofisha dawa, hata kama hakuna mchafu aliyeingia. Kinachoizuia pH isirukeruke ni alkali iliyoyeyuka majini, ambayo watunzaji wengi huiweka kati ya miligramu 80 na 120 kwa lita. Ikipungua huongezwa kwa baikaboneti, ile inayouzwa dukani ya kuumulia mikate. Wengine hukimbilia magadi ya kiwandani, ndugu wa yale yanayochimbwa Ziwa Magadi na yale tunayolainishia maharage. Hayo ni makali zaidi, hupandisha pH kwa kishindo, na kwa jakuzi ndogo kijiko kilichozidi ni kosa la kurekebisha siku nzima.

Maji ya mahali nayo yana tabia yake, na mafunzo yanayonakiliwa kutoka vitabu vya ng'ambo huliruka jambo hili. Hoteli ya Diani au ya pwani ya Unguja ambayo kisima chake kimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe hupata maji magumu, yenye chokaa tele. Ndiyo yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika. Kwenye jakuzi ukoko huo hushika kwenye hita na kwenye matundu ya kusukumia maji. Akitumia klorini ya unga iliyotengenezwa kwa kalsiamu, mhudumu huongeza chokaa juu ya chokaa, na pH nayo hupanda. Huyo angefaa kutafuta klorini ya aina nyingine na kuitazama pH kila asubuhi. Panda juu hadi miteremko ya Meru, karibu na Arusha, na mambo yanageuka: maji mengi ya ardhini kule, yaliyopita kwenye miamba ya volkano, yana alkali nyingi na chokaa kidogo. Dawa ileile kwa kipimo kilekile itatoa majibu mawili tofauti. Asiyepima hatajua.

Upimaji wenyewe si elimu ya chuo kikuu. Kisanduku cha kawaida kina vichupa viwili vya plastiki na dawa za matone au vidonge. Chota maji kina cha kiwiko, mbali na mdomo wa bomba la kurudishia maji, jaza hadi mstari, tia dawa, tikisa, linganisha rangi na kadi kwa mwanga wa mchana. Cha pH kikiwa cha manjano, asidi imezidi. Kikikolea wekundu, alkali imezidi. Cha klorini huwa cha waridi, na waridi ikikolea klorini ni nyingi. Kuna mtego mmoja unaowanasa hata wazoefu: klorini ikizidi mno huichubua ile rangi ya waridi, na kichupa hubaki cheupe kama hakuna klorini kabisa. Mhudumu huongeza nyingine. Mgeni hutoka na macho mekundu. Kichupa kikitoa waridi kwa nukta moja kisha kikapauka, hapo usiongeze kitu. Changanya sampuli na maji safi upime upya.

Watakaopinga wapo, na hoja zao zinastahili jibu. Wa kwanza husema joto huua vijidudu. Ni kweli, ila joto gani? Legionella hustawi kati ya nyuzi 25 na 45 hivi, na huanza kufa haraka ukikaribia 60. Nyuzi 40 za jakuzi ni kitanda chake, na joto la kummaliza lingemuunguza muogaji kwanza. Wa pili husema chujio linatosha. Chujio hunasa nywele, mchanga na taka, lakini bakteria mmoja mmoja hupita. Baya zaidi, hao bakteria hujenga ute mwembamba ndani ya mabomba, mahali ambapo brashi haifiki, na klorini ya juu juu huuosha upande mmoja tu. Wenyeji wa ute huo si Legionella peke yake. Yumo na Pseudomonas, anayeleta vipele vyenye kuwasha siku moja au mbili baada ya kuoga, mara nyingi pale nguo ya kuogelea ilipobana.

Hoja ya tatu nina huruma nayo zaidi, kwa sababu inatoka kwa watu wanaojali miili yao: kwamba klorini ni kemikali, inanuka, inawasha, afadhali chumvi au mwanga au ozoni. Lakini harufu ile kali si ya klorini nyingi. Ni ya klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo ikawa kloramini, na hiyo ndiyo inayochoma macho. Jakuzi inayonuka mara nyingi inalilia dawa zaidi, au maji mapya. Mtambo wa chumvi nao hautoroki klorini. Huitengeneza kwa umeme kutokana na chumvi yenyewe, palepale. Ozoni na mwanga wa urujuanimno huua kilichopita mbele yao ndani ya bomba, lakini havibaki majini kumlinda aliyekaa karibu na mgonjwa. Vinasaidia, havibadili wajibu. Njia ya kweli ya kupunguza dawa ni ya bei rahisi kuliko zote: kila mtu aoge kwa bomba dakika moja kabla ya kuingia, mafuta na losheni vitoke. Wageni wengi hukasirika wakiambiwa hivyo. Wakasirike.

Imebaki hoja ya maji kuwa adimu, nayo ni nzito kwetu. Nani atamwaga madumu 75 wakati wa kiangazi, na majirani wakisubiri gari la maji? Kanuni inayotumika sana kwa jakuzi za nyumbani, ukiigeuza kwa lita, ni hii: gawa ujazo kwa 11, kisha gawa kwa idadi ya waogaji wa siku. Jakuzi ya lita 1,500 inayotumiwa na watu wawili kila siku hufikisha kama siku 68. Ikitumiwa na kumi, siku 13 au 14. Kadiri siku zinavyopita mabaki ya dawa na jasho hurundikana, na klorini haifanyi kazi yake ipasavyo hata namba zikionekana nzuri. Basi asiyeweza kubadilisha maji apunguze waogaji au aifunge jakuzi msimu huo. Kuyatunza maji mazee kwa dawa kali ni kuokoa maji kwa mapafu ya watu, na wa kwanza kuyavuta ni mhudumu anayekisugua chombo kila asubuhi, si mgeni wa siku mbili. Huyo huyo apewe glavu, afundishwe kutia dawa kwenye ndoo ya maji na si maji kwenye dawa, wala asichanganye klorini na asidi au klorini ya aina mbili, maana gesi inayotoka inaweza kuua, na baadhi ya michanganyiko huwaka moto.

Kwa hiyo, ukifika hotelini na kuiona jakuzi inayong'aa, usiulize kama maji ni safi, kwa kuwa jibu litakuwa ndiyo. Omba daftari la vipimo. Linapaswa kuwa na pH na klorini za leo, zilizoandikwa angalau mara mbili, na tarehe ya mwisho maji yalipobadilishwa. Kama daftari halipo, chukua taulo lako ushuke baharini.