BOLTI 90, ROHO ZA WATU 87

Ndugu wafanyakazi, wengi wetu hatujapata kupanda ndege. Hata hivyo habari hii inatuhusu, kwa sababu ilianzia karakanani, katika zamu ya usiku.

Tarehe 10 Juni 1990 ndege ya British Airways iliondoka Birmingham, Uingereza, kwenda Málaga, Hispania, ikiwa na watu 87. Ilipofika futi 17,300 juu, kioo cha mbele cha upande wa rubani mkuu kiling'oka. Kule juu hewa ni nyepesi, haimtoshi binadamu, kwa hiyo ndani ya ndege hewa hushindiliwa. Kioo kilipotoka, hewa hiyo ilichomoka kwa kishindo na kumvuta rubani Tim Lancaster nje mpaka kiunoni. Mhudumu Nigel Ogden alimdaka, na wenzake wakapokezana kumshika, ingawa walidhani amekwisha kufa. Rubani msaidizi, Alastair Atchison, aliishusha ndege upesi akatua Southampton. Hakuna aliyekufa. Lancaster mwenyewe alivunjika mifupa, lakini baada ya miezi michache alirudi kazini.

Kioo kiling'okaje? Kilikuwa kimebadilishwa saa 27 kabla ya safari. Kati ya bolti 90 zilizokishika, 84 zilikuwa nyembamba kuliko kipimo, tofauti isiyofika milimita moja. Sita zilizobaki zilikuwa fupi. Nacho kioo kilifungwa kwa nje, hivyo hewa ya ndani ilikisukuma kitoke, na cha kukizuia kilikuwa bolti tu.

Ni rahisi kusema fundi alikuwa mzembe. Kweli, alilinganisha bolti kwa macho badala ya kufuata kitabu, na alipoambiwa aina inayotakiwa hakuifuata. Lakini wachunguzi hawakuishia kwake. Usiku ule watu walikuwa pungufu, na msimamizi wa zamu akaifanya kazi hiyo yeye mwenyewe, kati ya saa tisa usiku na saa kumi na moja alfajiri, wakati mwili umelegea. Bolti alizitoa katika stoo isiyo na mtunzaji, penye mwanga hafifu. Zile za zamani alizolinganisha nazo hazikuwa sahihi pia. Na taratibu hazikudai mtu wa pili aikague kazi yake.

Ndugu, hayo tunayajua. Kiwandani na shambani pia zamu hupungukiwa watu, taa huungua zisibadilishwe, na kipuri hufungwa kwa sababu kinafanana na kile cha zamani. Ajali ikitokea, anayetafutwa ni mwenye spana mkononi.

Basi tushike mambo mawili. Sisi wenyewe tusifunge kitu kwa kukisia. Tusome kipimo, tumwite mwenzetu atazame. Na katika kamati zetu tudai watu wa kutosha, mwanga wa kutosha na ukaguzi wa mtu wa pili. Kudai hivyo si uvivu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.