Barabara za Mo Amin

Sehemu kubwa ya kazi ya mpiga picha wa vita ni kukaa garini. Unatafuta petroli, unabembeleza askari kwenye kizuizi, unangoja saini ya ofisa ambaye hayupo ofisini. Risasi, zikija, huwa za dakika chache tu.

Ndiyo maana sishangai kwamba Mohamed Amin, aliyejulikana kwa jina fupi la Mo, alianza na magari kabla ya kufika kwenye mapinduzi. Alizaliwa Eastleigh, Nairobi, mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na akiwa bado mwanafunzi alikwisha kupiga picha za mashindano ya East African Safari, yale yaliyokatiza Kenya, Uganda na Tanganyika katika vumbi na matope. Anayepiga picha za mashindano ya magari hujifunza mapema kwamba gari halifukuzwi. Unachagua kona, unapima jua litakuwa upande gani, halafu unangoja.

Mwaka 1963 alianzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, pale Dar. Januari iliyofuata yakatokea mapinduzi ya Zanzibar, naye akayapiga picha. Mwaka 1966 aliwekwa kizuizini huko huko visiwani kwa karibu mwezi mzima, kisha akarudi Kenya. Tarehe 5 Julai 1969 waziri Tom Mboya alipopigwa risasi katikati ya Nairobi, Mo alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika, kamera mkononi. Habari za namna hiyo hazikupi nafasi ya kuchagua kona.

Lakini kuna nusu nyingine ya maisha yake ambayo husahaulika, nayo ndiyo inayonivutia zaidi: vitabu vikubwa vya picha za safari, alivyovitoa mara nyingi pamoja na mpiga picha Duncan Willetts na mwandishi Brian Tetley. Kenya ilipata chake mwaka 1982, Tanzania mwaka 1984. Baadhi ya vitabu hivyo ni vitamu kupita kiasi. Barabara hazina mashimo, wazee wote wanatabasamu, na Mlima Kilimanjaro hauna wingu. Siwezi kulaumu sana, maana hata sisi tunaopiga harusi Jumamosi na mikutano ya siasa Jumatatu tunajua ni kazi ipi inayolipa kodi ya nyumba.

Kitabu cha Ziwa Turkana cha mwaka 1981 ni kitu kingine. Safari yake ililizunguka ziwa lile kwa magari, na yeyote aliyewahi kuteremka kwenda Loiyangalani anajua maana yake. Unashuka kutoka milimani, mara mawe meusi ya volkeno yametapakaa hadi upeo wa macho, na katikati yake maji ya kijani. Upepo unausukuma mlango wa gari usifunguke. Siku hizi, kabla ya kufika Loiyangalani, utapita mitambo 365 ya kuzalisha umeme kwa upepo huo huo, na kutoka Laisamis kuna barabara ya zaidi ya kilomita 200 iliyotengenezwa ili kuifikisha. Wakati wa Mo hakukuwa na hayo. Saa sita mchana mwanga wa kule huua kila kitu, sura na mawe vyote vinakuwa bapa. Mpiga picha anabaki na alfajiri na jioni tu, na muda uliobaki anarekebisha tairi.

Nadhani alfajiri hizo ndizo alizokwenda nazo Korem.

Korem ni mji mdogo kaskazini mwa Ethiopia, juu ya uwanda wa baridi. Barabara inapanda kutoka Alamata kwa kona baada ya kona, na ukisonga mbele kidogo unakutana na Ziwa Ashenge. Mtalii angesimamisha gari mara kumi. Oktoba 1984, wakati wa njaa kubwa, Mo alifika huko na Michael Buerk wa BBC, baada ya mahangaiko ya kusaka vibali. Filamu yao, iliyorushwa tarehe 23 Oktoba, inaanza kunapokucha: ukungu, moshi, maelfu ya watu waliojifunika mashuka. Kamera haina haraka. Inapita polepole juu ya watu kama inavyopita juu ya bonde, halafu inasogea hadi kwenye uso mmoja. Vituo vya televisheni vipatavyo 425 viliionyesha duniani, na Julai iliyofuata likafanyika tamasha la Live Aid kuwachangia wenye njaa.

Watu husema iliwagusa kwa sababu ilikuwa ya kutisha. Picha za kutisha zilikuwapo nyingi. Hii ilipigwa na mtu aliyezoea kungojea mwanga, na uzuri wake ndio uliomzuia mtazamaji asigeuze uso. Hapo pia ndipo ninapopata shaka. Ukungu ulionekana, ukame ukaeleweka, lakini vita kati ya serikali ya kijeshi ya Derg na wapiganaji wa Tigray, vilivyochangia sana kuikata njia ya chakula, vilibaki nje ya fremu. Wengi waliochanga fedha walidhani adui ni mvua.

Juni 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Fundi sauti wake, John Mathai, aliuawa. Mo alipoteza mkono wa kushoto. Alirudi kazini na mkono bandia na kamera iliyorekebishwa. Novemba 1996 ndege aliyopanda kurudi Nairobi ilitekwa, ikaishiwa mafuta, ikaanguka baharini karibu na Komoro. Brian Tetley alikuwa ndani yake pia. Wote wawili walikufa.

Vita vilirudi Tigray Novemba 2020, vikaendelea hadi makubaliano ya Pretoria ya Novemba 2022. Safari hii simu na intaneti vilikatwa, na kwa sehemu kubwa ya muda huo waandishi hawakuruhusiwa kuingia. Njaa ilikuwapo tena. Uliza wenzako kazini wakutajie picha moja tu ya vita hivyo wanayoikumbuka. Nimeuliza wapiga picha, watu ambao kukumbuka picha ndiyo kazi yao, na wengi walinitajia ile ya 1984.