Namba Zisizogawanyika

Kijana aliyefaulu hesabu katika shule ya sekondari huingia Chuo Kikuu kifua mbele. Amezoea kupewa swali, kupiga hesabu na kupata jibu. Kumbe, katika somo liitwalo elimu ya namba, mwalimu hamwulizi jibu. Anamwandikia jibu lenyewe ubaoni, kisha anamwambia: "Thibitisha ya kuwa ndivyo ilivyo kwa namba zote." Hapo wengi hutoka jasho, na wengine huwaandikia wazazi kwamba wataka kubadili masomo.

Na somo lenyewe laanza kwa mambo ayajuayo mtoto mdogo. Namba 12 yagawanyika kwa 2, 3, 4 na 6. Lakini 13 haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Namba za namna hii vitabu vyaziita "namba tasa". Jina hilo halitupendezi sana, maana hizo tasa ndizo zizaazo nyingine zote kwa kuzidishwa: 12 ni 2 mara 2 mara 3.

Sisi Wakongo tusizione kuwa mambo ya kigeni. Mwaka 1950, huko Ishango, karibu na ziwa Edward, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa wenye umri wa miaka 20,000 hivi, umechanjwa alama kwa mafungu. Katika safu moja mafungu ni 11, 13, 17 na 19, yaani namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Kama aliyezichanja alilijua jambo hilo, mfupa hausemi.

Je, namba tasa zina mwisho? Euclid, Mgiriki aliyeishi miaka 300 hivi kabla ya Kristu, alijibu. Tuseme mtu adai kwamba ziko sita tu: 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Azizidishe zote pamoja, atapata 30030. Aongeze 1. Sasa akiigawanya 30031 kwa yo yote katika zile sita, yabaki 1. Basi, namba tasa iwezayo kuigawanya haimo katika orodha yake. Na kweli, 30031 ni 59 mara 509. Hata orodha ingekuwa ya namba elfu, njia ni ile ile. Kijana akiyaelewa maneno haya machache, amekwisha kuonja somo zima.

Padri Marin Mersenne, mtawa Mfaransa wa shirika la Mtakatifu Fransisko wa Paola, aliandika mwaka 1644 kwamba ukizizidisha 2 sitini na saba pamoja, ukaondoa 1, wapata namba tasa. Alikuwa mtu wa elimu kubwa, rafiki wa Descartes. Lakini mwaka 1876 Édouard Lucas alionyesha kwamba sivyo, na mwaka 1903 Frank Nelson Cole, huko New York, alizitoa namba mbili zenyewe: 193707721 mara 761838257287. Heshima ya mtawa yule haikupungua. Ila katika somo hili jina la mwalimu halishiki nafasi ya uthibitisho.

Mzazi auzaye mbuzi wake ili alipe masomo ana haki ya kuuliza: faida ni nini? Kuzidisha namba tasa mbili kubwa ni kazi nyepesi. Kuzitenganisha tena ni shida kuu. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman walitengeneza kufuli ya siri kwa shida hiyo, na kufuli za namna yake zatumika hata leo kulinda barua na fedha zinazopita katika kompyuta.

Kwa wanafunzi twasema: jaribuni kwanza kwa namba ndogo, na kila mstari mwandike sababu yake. Tena msione haya mbele ya maswali magumu. Mwaka 1742 Goldbach alimwandikia Euler swali ambalo leo lasomwa hivi: je, kila namba shufwa ipitayo 2 ni jumla ya namba tasa mbili? 28 ni 5 na 23; 100 ni 3 na 97. Hata sasa hakuna profesa aliyelithibitisha.