Ua la Mchangani: Hesabu Stameni Kwanza

Mvua ikinyesha Lowarengak, kaskazini-magharibi mwa Ziwa Turkana, mchanga uliokuwa mtupu huchanua maua. Anayeona ua kubwa lenye petali sita huenda akaliita gladiola, lile linalouzwa kwa mashada mjini. Asikimbilie jina. Kwanza ahesabu stameni, yaani vijiti vinavyobeba chavua.

Gladiola ni ya jamii ya airisi, yenye spishi zaidi ya 2,000, na stameni zake ni tatu. Ammocharis tinneana, ua la waridi la nchi kame za Afrika Mashariki, ni la jamii ya amarilisi na lina sita. Tazama pia majani: ya gladiola husimama kama panga, ya Ammocharis hulala mchangani.

Jamii ya airisi tunaijua hata jikoni, kwani zafarani inatoka humo. Kila ua la zafarani hutoa nyuzi tatu tu, zinazochumwa kwa mkono. Gramu moja huhitaji maua 150 hivi, ndiyo maana bei yake ni kali.

Gladiola huvumilia kiangazi kwa tunguu lililofukiwa ardhini. Kila msimu tunguu la zamani hulisha majani na ua mpaka likaisha, na jipya huota juu yake. Mizizi maalumu kisha hujikunja na kulivuta chini zaidi. Kwa njia hiyo Gladiolus candidus, yenye maua meupe ya mrija mrefu, huishi kwenye mbuga kavu za Kenya na Tanzania. Nayo Gladiolus watsonioides, yenye maua mekundu, huhimili baridi kali ya Kilimanjaro na Mlima Kenya.

Kutofautisha jamii hizi si mchezo wa darasani. Matunguu mengi ya jamii ya amarilisi yana laikorini, sumu inayotapisha. Hata hivyo, stameni tatu si kibali cha kula: kusini mwa Afrika, mimea ya Moraea, ambayo ni ya jamii ya airisi, huua ng'ombe kwa sumu inayodhuru moyo.

Basi, mchungaji au mwanafunzi wa Lowarengak, ukikuta ua usilolijua, hesabu stameni zake na ulipige picha. Usilionje wala usiwape mbuzi. Tunguu liache ardhini: ukiling'oa, umeua mmea wa miaka mingi kwa ua la siku chache.